Historia ya mji ndani ya saa ya chakula cha mchana

Mwambie konda "nishushe Makumbusho" uone atakapokushusha: stendi ya Kijitonyama, iliyopata jina lake kwa Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani. Makumbusho ya Taifa yenyewe yako huku katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na chuo cha fedha cha IFM, na maelfu ya watu wa Posta hupita nje ya uzio wake bila kuingia. Jumba lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Wengi wetu tuliingia mara moja tu, na shule, tukaoneshwa habari za fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, tukarudi kwenye basi.

Sasa tuseme kila Jumatano saa saba mchana ukumbi unafunguliwa bure, na mtu mmoja anazungumzia historia ya Dar es Salaam kwa nusu saa. Si jambo geni duniani. British Museum ya London ina mazungumzo ya bure ya mchana. Je, yatufae na sisi?

Wanaotaka yaanzishwe wana hoja nzito. Kiingilio cha raia si kikubwa, ila mtu hakati tiketi kwa jambo asilojua kama litampendeza. Ukimwambia ni bure, na ni nusu saa, atachungulia. Na cha kusimulia kipo tele. Kariakoo peke yake inajaza mwezi mzima: jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, moto wa Julai 2021. Au ile sanamu ya askari ya mwaka 1927, ambayo wenyeji wengine huiita ya Bismini. Kabla yake palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha.

Wasiwasi wangu uko kwenye saa. Saa saba mchana ni ya nani? Aliyetoka kuswali adhuhuri bado hajala. Foleni ya mama ntilie haimsubiri mtu, na ya benki ndiyo kabisa. Wizara zimehamia Dodoma, zikaondoka na watumishi wengi ambao wangekuwa wasikilizaji wa kwanza. Mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye historia yenyewe ni ya kwake, hana saa ya chakula. Anakula amesimama dukani. Kwa hiyo tunaweza kujikuta tunawasimulia watu wa maofisini habari za watu ambao hawamo ukumbini.

Niliwahi kuhudhuria mazungumzo ya namna hiyo, mahali nisipotaka kupataja. Mtoa mada alisoma slaidi zake kwa dakika arobaini. Alipomaliza, mzee mmoja wa kofia ya kiua alinyanyua mkono, akasema ile picha ya stendi imepewa jina la mtaa usio wake, kwani yeye alikuwa akipanda basi pale kila asubuhi. Mshereheshaji akatazama saa: "Mzee wangu, muda umetutupa mkono." Tukapiga makofi. Tulipotoka nilimkuta mzee yuko chini ya mwembe na vijana watatu, anachora barabara mchangani kwa ncha ya mwavuli. Nilirudi kazini nimechelewa, na nilichokumbuka jioni ni ule mchoro.

Habari ya Olduvai mtu anaweza kuhutubia, kwani hakuna ukumbini atakayesema alikuwepo. Historia ya mtaa haiko hivyo. Wasikilizaji ni mashahidi, na kuwakatiza ni kupoteza nusu ya ushahidi. Ningependelea mzungumzaji apewe dakika kumi na tano tu, muda uliobaki uwe wa ukumbi, na mtu akae pembeni na kinasa sauti. Mara moja kwa mwezi kikao kihamie Jumamosi asubuhi, kianzie pale pale kwenye sanamu, kwa ajili ya wasio na mchana wa kupumzika.

Halafu kuna hili neno bure. Kwetu, semina isiyo na posho hata wasikilizaji huikimbia, seuze msemaji. Msomi wa chuo anaweza kuja kwa heshima ya jina lake, lakini mzee wa mtaa wa Gerezani anapanda daladala na anarudi na njaa. Msikilizaji asilipe, sawa. Mzee huyu apewe nauli, chakula na bahasha, na ziandikwe kwenye bajeti kabla tangazo halijabandikwa getini.