Mia mbili hamsini ya kuona tamthilia, ni wizi kweli?

Siku hizi ukikaa na walimu hapa Nakuru utaisikia tu hii stori, makundi ya maigizo yanayozungusha tamthilia za vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa, mashuleni yamepandisha bei kutoka shilingi 200 kwa mwanafunzi mpaka 250, na eti wasanii wameingiwa na tamaa.

Walimu wakuu wana pointi, sikatai. Pesa ya serikali kwa shule ya kutwa ni 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, inakuja vipande vipande tena imechelewa, na wizara haitaki kusikia mzazi ameitishwa kitu cha ziada. Mama wa mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru mwenye watoto wawili sekondari hapo ni 500, hiyo ni unga na mafuta ya kupikia. Na kuna makundi ya ovyo, watu wanne wanaigiza wahusika kumi na wawili, wanaruka maonyesho, halafu wanataka hela kamili.

Lakini mimi nimebeba spika za hawa watu nikiwa kijana kwa hivyo wacha tupige hesabu. Tuseme ni waigizaji kumi wanaenda Molo. Matatu ya kukodi kwenda na kurudi 10,000, mitambo ya sauti 4,000, chakula cha 150 kila mtu ni 1,500. Jumla 15,500. Wanafunzi 120 kwa ile bei ya zamani ya 200 ni 24,000, inabaki 8,500, yaani 850 kwa kichwa. Si mbaya, utasema. Sasa ngoja mlangoni mwalimu akwambie "hawa thelathini hawajiwezi, waacheni tu waingie", na utawafukuza aje watoto wa watu? Hapo umebaki na 18,000, toa 15,500, gawa kwa kumi. Shilingi 250! Mtu ameamka saa kumi usiku, amefanya mazoezi wiki tatu bila senti, na anachopata ni sawasawa na hiyo tiketi moja mnayoita wizi.

Na hiyo matatu ndiyo imewamaliza. Ushuru wa VAT kwa mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, kufikia Septemba petroli ishapita 200 kwa lita, bei ya kukodi ikapanda nayo. Petroli ilishuka baadaye, bei ya kukodi ikakataa kushuka. Halafu tangu Desemba 2021 tuitwe jiji, malandilodi ndio waliosikia wa kwanza, kodi ya ukumbi ikapanda, saa hii mazoezi ni chini ya mti nyuma ya kanisa, mvua ikija mnaenda nyumbani.

Muhula uliopita kundi moja nalolijua lilimaliziwa deni na shule kwa gunia mbili za viazi. Waligawana kwa ndoo ndani ya gari, na yule aliyekuwa mfalme akashuka mtaani Free Area na ndoo yake, joho likiwa kwapani.