Kamera Zimejaa, Maelezo Hakuna

Usiku wa Oktoba 19, 2024, mjini Austin, katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, timu ya Texas walikuwa nyuma kwa pointi 23-8 dhidi ya Georgia. Robo ya tatu, beki wao Jahdae Barron akainasa pasi ya wapinzani na kukimbia nayo hadi yadi ya 9, karibu kabisa na kufunga. Shangwe zilikatika ghafla: chini palikuwa na kitambaa cha njano, ishara ya waamuzi kwamba kuna kosa. Waamuzi walidai Barron alimzuia mpokeaji wa pasi kinyume cha kanuni. Mashabiki wakaanza kuvurumisha chupa, mechi ikasimama ili takataka ziokotwe, na waamuzi wakapata nafasi ya kukaa kikao. Kilipokwisha, adhabu ikafutwa.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi, na ligi yao, SEC, ilikiri hivyo. Lakini haukutokana na video, kwa sababu katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani video hairuhusiwi kugusa kosa hilo. Rasmi, waamuzi walijadiliana tu. Bila zile chupa, muda wa kujadiliana wangeutoa wapi? Texas walitozwa faini ya dola 250,000, wakafungwa 30-15, na kocha wa Georgia, Kirby Smart, akalalamika kwamba sasa watu wamefundishwa kuwa kurusha vitu uwanjani kunalipa. Ni vigumu kumbishia.

Wapo wanaosema dawa ni kuiachia video ikague kila kitu. Wanaopinga nao wana hoja nzito. Marudio ya video, yaliyoanza kwa majaribio ya ligi ya Big Ten mwaka 2004, yalikusudiwa mambo yenye jibu moja: goti la mwenye mpira limegusa chini (hapo mchezo husimama) au la, mguu umekanyaga mstari au la. Kumzuia mpokeaji ni suala la kupima kwa jicho, na picha ikipunguzwa kasi hata kumgusa mtu bega kunafanana na kumkaba. Wapenzi wa soka waliochoshwa na VAR wanayajua hayo.

Mfano upo. Kosa la kumgonga mpinzani kichwani linakaguliwa kwa video. Januari 1, 2025, kwenye mechi ya Peach Bowl, Texas na Arizona State wakiwa 24-24 dakika za mwisho, Michael Taaffe wa Texas alimgonga Melquan Stovall, kofia kwa kofia. Video ikatazamwa, ikaamuliwa hakuna kosa. Texas walishinda 39-31 katika muda wa nyongeza, na ubishi haukupungua hata kidogo.

Hata hivyo, hoja ya “jibu moja” nayo ina tundu. Septemba 2006, mjini Eugene, Oklahoma wakiongoza 33-27, Oregon walipiga mpira mfupi wa kuanzia ili waunase wenyewe. Timu inayoupiga hairuhusiwi kuugusa kabla haujasafiri yadi 10, lakini mchezaji wa Oregon aliugusa mapema. Picha zilirudiwa, Oregon wakapewa mpira, wakafunga na kushinda 34-33. Ligi ya Pac-10 iliwasimamisha waamuzi wa uwanjani na wa video kwa mechi moja. Mwaka 2015, Miami waliwafunga Duke 30-27 kwa kuurudisha mpira wa mwisho kwa pasi nane za kurushiana, ilhali goti la mmoja wao lilishagusa chini. Video ilitazamwa takriban dakika tisa! Waamuzi wakasimamishwa mechi mbili, matokeo yakabaki yalivyo.

Kwa hiyo mimi simo miongoni mwa wanaodai kamera zaidi. Goti la Miami lilionekana. Aliyekuwa akilitazama ndiye aliyeshindwa, na sisi wengine tulipewa tangazo la sentensi moja. Refa wa uwanjani anaamua kwa sekunde moja, mbele ya miili inayogongana, tena wengi wao wana kazi nyingine katikati ya wiki. Kosa lake nalisamehe haraka. Aliyeketi mbele ya skrini, mwenye kitufe cha kurudisha nyuma, anadaiwa maelezo.

Ndiyo maana hatua ya ligi ya ACC katika msimu wa 2025 imenivutia kuliko pendekezo lolote la kupanua ukaguzi: watazamaji wa televisheni waliruhusiwa kusikia moja kwa moja mazungumzo ya wakaguzi wa video. Makosa yatakuwepo bado. Lakini fikiria dakika zile tisa za Duke, tukimsikia mtu akisema, “Hebu rudisha, lile goti,” au tukisikia kwamba hakuna aliyelitaja kabisa.