Steringi Amekufa Kabla Muvi Haijaanza

Tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vya Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha tunaijua kanuni moja: steringi, shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa, atafungwa mtini, atachubuka uso mzima, lakini mwisho atatokea na bunduki yake na maadui watalipa. Vita tulivijulia humo, kwa shilingi chache za mlangoni, huku mtafsiri akitupigia kelele kwenye spika. Ndiyo maana ilinichukua muda kuizoea In the Valley of Elah, filamu ya Paul Haggis ya mwaka 2007. Kijana ambaye sisi tungemwita steringi anakuwa maiti kabla hatujamfahamu. Amechomwa visu, akakatwakatwa, kisha akatiwa moto porini huko New Mexico.

Kwa kifupi ni hivi. Hank Deerfield, anayeigizwa na Tommy Lee Jones, ni mstaafu wa polisi jeshi. Anapigiwa simu kwamba mwanawe Mike, aliyerudi karibuni kutoka Iraq, ametoroka kambini. Anapanda gari kwenda kumtafuta, na kabla hajafika mbali na upekuzi wake maiti inapatikana. Akisaidiwa na mpelelezi Emily Sanders, anayeigizwa na Charlize Theron, anawashuku wauza dawa za kulevya, kisha anamshuku na kumpiga askari mmoja mwenye asili ya Mexico. Mwisho inabainika waliomuua Mike ni askari wenzake wa kikosi kimoja. Filamu ilitokana na kisa cha kweli cha mwaka 2003, cha askari aliyerudi salama kutoka Iraq akauawa na wenzake kwenye jimbo la Georgia.

Niliitazama na jirani yangu, mzee aliyepigana vita vya Kagera. Alikwenda akiwa mgambo, kijana wa miaka 22, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Hank alipotandika kitanda cha gesti mpaka shuka likakaza, kisha akakaa kung'arisha viatu vyake, mzee alicheka kwa furaha. "Huyo ni askari kweli," akasema. Nusu saa baadaye hakuwa na furaha tena. "Hawa wanatuchafua."

Hoja yake ni nzito, na sitaki kuipita haraka. Ndani ya filamu hii karibu kila askari aliyetoka vitani ameharibika: mmoja anaua, mwingine anajinyonga, mwingine anamzamisha mbwa kwenye beseni la kuogea na baadaye anamzamisha mkewe. Hakuna hata mmoja aliyerudi, akaoa, akafungua duka, akalea. Lakini wengi wanaorudi kutoka vitani hawaui mtu. Mzee huyu mwenyewe amesomesha watoto wanne kwa kushona viatu. Hapa Arusha, chuo cha maofisa cha Monduli kiko mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo kwa gari, na vijana wanaopita mjini na kombati zao ni watoto wa watu. Picha ya askari kama kichaa anayesubiri kulipuka ina gharama. Inamfuata anapotafuta chumba cha kupanga. Inamfuata anapopeleka posa.

Akaongeza la pili: vita vyao si vyetu. Marekani iliingia Iraq mwaka 2003 ikitafuta silaha ambazo hazikuonekana. Sisi tuliingiliwa, jeshi la Amin lilivuka mpaka Oktoba 1978 likakalia ardhi yetu mpaka Mto Kagera. "Sisi tulijua tunakwenda kufanya nini," alisema. "Hawa watoto hawakujua. Lazima wachanganyikiwe." Kwa hiyo, kwake, filamu inasema jambo kuhusu vita vibaya, na tusilibebe kulipeleka kwenye vita vya haki.

Nilikuwa karibu kukubali. Halafu ikaja sehemu ya kuku.

Askari mmoja, Penning, anakiri. Anazungumza polepole, uso umetulia kama anayeeleza alivyokosa basi. Waligombana, akamchoma kisu Mike, wakamkata, wakamchoma moto. Kisha wakaenda kula kuku, kwa sababu walikuwa na njaa. Anamwambia baba wa marehemu kwamba usiku mwingine ingeweza kuwa Mike ndiye mwenye kisu. Hakuna muziki wa kutuambia tulie. Kuna kijana mwenye adabu na mzazi aliyekaa mbele yake.

Mzee aliomba nisimamishe. Alitoka uani, akanawa mikono bombani bila sababu, akarudi akasimama mlangoni. Akasema kuwa njiani kuelekea Kampala walikuta nyumba yenye ndizi zimeshamenywa, ziko kwenye sufuria, maji bado ya moto. Wenyewe walikuwa uani, wamekufa. "Tukaongeza chumvi tukala. Tulikuwa na njaa." Miaka yote niliyomfahamu hajawahi kunieleza, na mkewe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliinua macho kama aliyesikia kwa mara ya kwanza.

Hapo hoja ya vita vya haki ikanipungukia nguvu. Haki ya vita inajibu swali la taifa: tulikuwa na sababu ya kwenda? Haijibu swali la mtu mmoja saa nane za usiku mbele ya sufuria ile. Daktari wa Marekani Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Vietnam, aliandika juu ya jeraha la dhamiri, yaani maumivu ya mtu ambaye ndani yake kilivunjwa kile alichokiamini kuwa sawa. Jeraha la namna hiyo linaweza kumpata hata aliyepigana upande wenye haki. Ugonjwa wenyewe wa kiwewe cha vita uliingia rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya akili Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Mwaka huo mzee alikuwa ameshatua mzigo wake nyumbani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na waliorudi walipokelewa kwa ngoma. Watu wa rika lake wanaikumbuka miezi 18 ya kufunga mkanda, foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande. Hasara ya uchumi tuliihesabu na bado tunaihadithia. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa waliokufa. Aliyerudi mzima lakini hapati usingizi, tulisema anavuta bangi, au amerogwa, au damu za watu zinamsumbua.

Hilo la mwisho silidharau. Jamii nyingi za ukanda wetu zilikuwa na namna ya kumpokea aliyemwaga damu: hakuingia moja kwa moja kwa mkewe, alikaa kando siku kadhaa, akaogeshwa dawa, akachinjiwa mnyama, wazee wakamtemea mate ya baraka. Ilikuwa njia ya kusema mbele ya wote kwamba ulichokiona ni kizito na hatukuachi ukibebe peke yako. Mzee alishushwa na lori stendi, akatembea mpaka nyumbani, kesho yake akaenda shambani kwa babake.

Kwa hiyo narudi kwenye filamu, na hapa ndipo nasimama upande wake. Nguvu yake haiko kwenye maiti wala kwenye kisu. Iko kwenye simu. Mike akiwa Iraq alimpigia baba yake analia, anaomba atolewe huko. Alikuwa dereva wa msafara ulioamriwa usisimame kwa lolote, na mtoto alikuwa barabarani. Hank, mwenye upendo wote wa baba, alimtuliza kwa maneno machache, kama mwanamume anavyomtuliza mwanamume, simu ikaisha. Kanuni ya filamu za upelelezi ni kutafuta aliyetenda. Hii inakupeleka kwa aliyetenda, kisha inakurudisha nyuma mpaka kwa aliyesikia kilio akadhani ni woga wa kupita. Mama yake Mike anamwambia Hank kwa uchungu kwamba angalau angemwachia mtoto mmoja, maana mkubwa naye alifia jeshini.

Mji wetu ulikaa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Watu 93 walishtakiwa. Kazi ile ilikuwa ya lazima, na tunajua zaidi nani alitenda nini kwa sababu yake. Lakini mahakama haina nafasi ya kuuliza kijana wa kawaida, mwenye adabu kama Penning, alifikaje pale. Filamu ina nafasi hiyo, na hii imeitumia.

Kuna jambo moja silisamehe. Yule mtoto wa barabarani hana jina, hana sura, hana mama. Anapita kama kivuli kwenye video iliyoharibika ya simu ya Mike. Mfungwa ambaye Mike alimtia mkono kwenye kidonda akijifanya daktari tunamsikia akilia tu. Wairaki wamekuwa sababu ya Mmarekani kuumwa. Mtu wa Uganda aliyemenya ndizi zile angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini tunamwonea huruma aliyezila. Nadhani huruma hiyo inawezekana na inastahili, ila si kwa kumfuta huyo mwingine, na hapa Haggis amepungukiwa. Bendera ya Marekani iliyopandishwa kichwa chini mwishoni, ishara ya kuomba msaada, inaililia Marekani peke yake.

Jina la filamu linatokana na bonde la Ela, Daudi alipopambana na Goliathi. Hank anamsimulia kisa hicho mtoto wa Emily kitandani, na baadaye mtoto anamuuliza mama yake kwa nini walimruhusu Daudi kupigana, naye alikuwa mdogo tu. Mama hana jibu. Katika Sunday School nilikokulia tuliimba juu ya yale mawe matano, na hakuna aliyeuliza hivyo.

Mtoto wa tatu wa mzee ni askari. Alikwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani na akarudi. Alikuwa na marafiki miongoni mwa wenzake wasiopungua 14 waliouawa Semuliki tarehe 7 Desemba 2017. Kila anapopiga simu wanazungumzia mvua na ada za wajukuu. Juzi mzee alinikuta gengeni nikinunua nyanya. Aliniuliza kama ile muvi bado ninayo kwenye flashi, maana kijana anakuja likizo Ijumaa.