Kamera ya Shule Iwe Mkononi mwa Nani?

Januari 2026 Kenya ilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 katika sekondari pevu, na mojawapo ya masomo ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni Uigizaji na Filamu. Wazazi wengi wanalitilia shaka. Mimi naliunga mkono, ingawa shaka zao zina msingi.

Wanaanza na ajira. Mapendekezo ya mageuzi ya mtaala yalikadiria asilimia 60 ya wanafunzi wasome sayansi, teknolojia na hisabati, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Mzazi akiziona hesabu hizo huona mkondo wa waliobaki. Anajua pia kwamba mhariri wa video jijini Nairobi mara nyingi huishi kwa vibarua: harusi leo, tangazo mwezi ujao. Lakini mwanafunzi huyu bado anasoma Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Hajafungiwa milango mingine.

Suala la vifaa linaniumiza kichwa zaidi. Picha si tatizo, maana simu ya kawaida hurekodi vizuri. Sauti ndiyo huharibu filamu za wanafunzi: upepo, mwangwi wa ukumbi, kengele ya mapumziko. Kisha kuna kompyuta ya kuhariria na umeme wa uhakika. Isitoshe, shule nyingi za bweni hupiga marufuku simu, kwa hiyo mwanafunzi anatakiwa arekodi kwa kifaa ambacho akikutwa nacho anatumwa nyumbani. Shule ikitaka kulifundisha somo hili kwa dhati, inunue simu chache na maikrofoni, vitu hivyo vikae ofisini na kutolewa wakati wa kipindi. Vinginevyo watoto watakariri majina ya shoti bila kupiga hata moja.

Faida yake mimi naiona hasa katika uhariri. Karne moja hivi iliyopita Lev Kuleshov, mwelekezi wa filamu wa Urusi, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha ya chakula, kisha na ya jeneza. Watazamaji wakauona uso ule una njaa, halafu una huzuni. Kijana aliyewahi kufanya jaribio hilo mwenyewe hatadanganywa kirahisi na klipu ya kisiasa iliyokatwakatwa na kusambazwa WhatsApp. Kwa manufaa hayo tu somo lingestahili nafasi yake, hata kama hakuna mwanafunzi atakayekuwa mwelekezi wa filamu.

Swali gumu ni nani atakayesimulia. Kenya ina tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule, na vipaji vinavyopanda jukwaani humo ni vya kweli. Hata hivyo, ni jambo linalojulikana kwamba shule nyingine huajiri waandishi na waelekezi kutoka nje ili zishinde. Mwanafunzi anabaki kutamka maneno ya mtu mzima. Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliondoka kwenye tamasha hilo bila kuigiza mchezo wao, licha ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe, na polisi wakatumia vitoa machozi. Wizara ya Elimu ilihoji kwa nini mwanasiasa asiye mwalimu alihusika kuuandaa. Swali hilo lilikuwa halali, lakini halikuhalalisha hata kidogo kuwatupia mabinti gesi.

Wataalamu wa nje wanahitajika, kwa kuwa walimu wenye ujuzi wa filamu ni haba. Nairobi Half Life, filamu ya 2012, ilitokana na warsha ambamo chipukizi wa hapa walifanya kazi bega kwa bega na mabingwa. Chipukizi hao walifanya kazi, bingwa aliwaelekeza. Mpangilio huo ndio ninaoutaka darasani, pamoja na uhuru wa mwanafunzi kuandika kuhusu karo, njaa au polisi bila mwalimu mkuu kutetemeka.

Wanafunzi hawa wa kwanza watafika Gredi ya 12, mwisho wa sekondari, mwaka 2028. Alama za miradi zisitolewe kwa kutazama filamu iliyokamilika pekee. Mtahini adai pia mswada wa kwanza pamoja na picha zilizotupwa, kisha amwulize mwanafunzi kwa nini alikata pale alipokata.