Uhuru wa kijana mbele ya sinia

Njia nyepesi ya kupima kama kijana ana uamuzi wake katika kula ni kumuuliza: nani anaamua unachokula? Akijibu "mimi", alama zinapanda. Akijibu "mama", zinashuka. Kwa kipimo hicho, barobaro wa Lamu anayekula wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja na nduguze ataonekana hana lake, na mwenzake anayesimama jioni kwa muuza viazi karai ataonekana huru. Sikubaliani nacho. Huyo wa viazi huenda amefuata kundi tu.

Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walitenganisha kujitegemea na kutenda kwa hiari: mtu aweza kupikiwa na wengine akala kwa hiari yake. Mwaka 2004, Luc Pelletier na wenzake wa Kanada walichapisha kipimo cha ulaji kwa msingi huo. Hakijali sana nani kaamua, kinatafuta sababu: ni raha, ni jambo unaloliamini, ni kuona haya, au ni shinikizo?

Ramadhani inaonyesha uzito wa swali hilo. Wasichana wawili wa Mkomani, mtaa wa Lamu, wamefunga siku moja, wakafuturu chakula kimoja. Mmoja amefunga kwa imani yake, mwingine kwa kuogopa kusemwa. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Ukiwauliza sababu, utaweza.

Hata hivyo, wanaoshikilia swali la "nani" wana hoja nzito. Yupo binti anayepika kila siku na hajawahi kuulizwa kipikwe nini. Ukimhoji atasema ameridhika, na ni kweli amezoea. Lakini kuridhika kwa asiye na njia nyingine si hiari, na kipimo cha sababu peke yake kinaweza kumhesabu kuwa huru. Tena kuna bahari: msimu wa kusi mawimbi yakichafuka na samaki wakiadimika, nyumba nzima hula kilichopo. Kijana aliyehojiwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, atajibu vingine.

Kwa hiyo ningeuliza yote mawili, sababu ikipewa uzito zaidi, pamoja na nani anashika pesa ya matumizi na kipi kingine kilikuwepo siku ile. Na mahojiano yafanywe faragha. Mbele ya mama aliyepika, hakuna mtoto wa Lamu mwenye adabu atakayesema mchuzi ule anaula kwa kulazimishwa.