Mpenzi aliyeingia mitini: riwaya itoe sababu au iache kimya?

Ujumbe umetumwa saa mbili usiku: "Umefika salama?" Tiki moja ya kijivu. Kulipokucha bado ni moja, na siku ya tatu bado moja. Riwaya ya mpenzi aliyeingia mitini huanzia mahali kama hapo, na msomaji huingia nayo kwa swali moja tu: amekwenda wapi? Ubishi wa wasomaji huja mwishoni. Je, mwandishi anadaiwa sababu, au ana haki ya kuacha kimya kibaki kimya?

Wanaodai sababu wana hoja nzito. Ukishaweka fumbo sura ya kwanza, umekopa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyeandika pia riwaya za upelelezi, alitoa kanuni 10 za kazi hiyo. Moja inataka kila kidokezo anachokipata mpelelezi kionyeshwe msomaji papo hapo. Nyingine inakataza pacha kuibuka bila msomaji kuandaliwa. Aliyekesha akikusanya vidokezo kurasa 300 hawezi kuambiwa mwishoni kwamba maisha ndivyo yalivyo.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Aliyechuniwa kweli hapewi maelezo. Riwaya inayomletea kila aliyeachwa ajali ya barabarani, au mpenzi aliyepoteza kumbukumbu, inamfundisha kungoja. Tena inamsafisha aliyeondoka: kumbe hakutaka, kumbe alizuiwa. Hoja hii naipa uzito mkubwa, maana kuna wasomaji wanaofungua kitabu hicho wakiwa na tiki yao moja mfukoni.

Nadhani pande zote mbili zinakosea kwa kulifanya swali kuwa moja. Desemba 3, 1926, Agatha Christie, mwandishi maarufu wa riwaya za upelelezi, aliondoka nyumbani kwake Uingereza usiku, na gari lake likakutwa limeachwa Newlands Corner, Surrey. Siku 11 baadaye alipatikana hotelini Harrogate. Mumewe, Archie, alikuwa amemwomba talaka kwa ajili ya mwanamke aitwaye Nancy Neele, na kwenye daftari la wageni Christie alikuwa amejiandikisha kwa jina hilohilo la Neele. Familia ilisema amepoteza kumbukumbu. Katika kitabu cha maisha yake hakulieleza tukio hilo. Tunajua tarehe, mahali na jina la daftarini. La moyoni hatukuambiwa lote, lakini hatujioni tumedhulumiwa, kwa sababu lile jina moja limesema mengi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: "wapi" na "vipi" vijibiwe hadi mwisho, "kwa nini" iachiwe mwanya.

Na "vipi" ndiyo inayowaangusha waandishi, kwa kuwa wasomaji wanazijua simu zao. Tiki moja inaweza kuwa simu iliyozimwa, bando lililoisha au namba iliyozuiwa, na WhatsApp haikwambii ni lipi. Utata huo ni halali, utumie. Tiki mbili za kijivu ni habari nyingine: ujumbe umefika, ila huenda amezima taarifa za kusoma. Lakini kuzima taarifa hizo hakufichi usikilizaji wa ujumbe wa sauti. Alama ya maikrofoni ikigeuka bluu sura ya tisa, mhusika mkuu anajua kuna mtu ameisikia sauti yake, hata kama hajui ni nani aliyeishika simu.

Au atume shilingi 50 kwa M-Pesa ili aone jina la mwenye laini. Likija jina asilolijua, kuna maana mbili: laini haikuwa ya mpenzi tangu mwanzo, au ililala mpaka ikapewa mtu mwingine. Kwa maana ya pili lazima miezi ipite. Ukiyaweka hayo wiki ya pili, msomaji wa Nairobi atafunga kitabu.

Ajali inashindwa kwa sababu hiyohiyo. Inaeleza siku ya kwanza, pengine wiki ya kwanza. Haielezi siku ya 40, maana mgonjwa ana ndugu, wodi ina wauguzi, na simu huazimwa. Kunyamaza ni uamuzi unaorudiwa kila asubuhi, kwa hiyo sababu inayosimama ni ile inayoamka naye kila asubuhi: aibu, woga, mke asiyetajwa, deni, siri ya familia. Sababu ya namna hii inalifumbua fumbo bila kumpa mtu msamaha wa bure, na ndiyo maana naiona bora kuliko ajali yoyote.

S. S. Van Dine, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Marekani, katika kanuni zake 20 za mwaka 1928, aliyapiga marufuku mapenzi ndani ya hadithi za upelelezi. Kwake kazi ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi kwenye ndoa. Alizidisha, lakini mvutano aliouona upo: fumbo huisha pale ukweli unapojulikana, ilhali mapenzi ndipo yanapoanza kupimwa. Basi ukweli usiwekwe ukurasa wa mwisho. Ufichuliwe mapema, zibaki sura tatu au nne za mhusika mkuu kuupima, kukasirika, kuuliza tena, hata kuamua kutojibu. Bila sura hizo wanakumbatiana stendi ya basi, na aliyeondoka anasamehewa kwa sababu tu kurasa zimekwisha.