Mfupa Hausubiri Pesa Zipatikane

Mdogo wangu aling'olewa jino la mbele la juu miaka minne iliyopita. Aliuma pamba nusu saa, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani na pengo lake. Habari za mfupa hakuambiwa. Mwaka huu pesa za kupandikiza jino zilipopatikana, picha ya taya ikaonyesha ufizi umebonyea na mfupa umebaki mwembamba: lazima kwanza ajengewe mfupa, asubiri upone, ndipo kipandikizi, yaani skrubu ya titani itakayobeba jino jipya, kiingizwe.

Kwa hiyo nikisikia watu wakilalamika kwamba ule unga wa mfupa unaojazwa kwenye tundu siku ya kung'oa ni ujanja wa daktari wa kuongeza bili, nawaelewa, maana bei yake inauma. Ila naona wanahesabu bili ya siku moja tu.

Mfupa unaoshika jino unaishi kwa ajili ya jino. Kwa meno ya mbele ya juu, ukuta wake wa nje, ulio upande wa mdomo, mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, na sehemu kubwa yake ni mfupa ulioshikana na nyuzi zinazoufunga mzizi wa jino. Jino likitoka, nyuzi hazina tena kazi, na ukuta huo unayeyuka.

Mwaka 2003 mtafiti Schropp na wenzake, huko Denmark, walichapisha vipimo vya wagonjwa 46 waliofuatiliwa mwaka mzima baada ya kung'olewa magego. Upana wa mfupa ulishuka kutoka wastani wa milimita 12 hadi karibu 6. Hesabu hiyo naomba tukae nayo kidogo. Kipandikizi cha kawaida kina unene wa kama milimita 4, na kinahitaji angalau milimita 1 ya mfupa kila upande. Jumla 6. Yaani mtu wa wastani, mwaka ukiisha, amebakiza kiasi kile kile kinachohitajika bila akiba yoyote, na wapo waliokwisha kushuka chini ya hapo. Tena hayo ni magego, ambako kuta ni nene kuliko mbele. Na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea ndani ya miezi 3 ya kwanza, wakati wengi wetu bado tunasema, "Ngoja kwanza nijipange."

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba kujaza tundu huenda kunaokoa zaidi kidogo ya milimita 1 ya upana na ya kimo, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu sana. Unga hauzuii mfupa kupungua, unapunguza tu kasi ya hasara, na wapo wanaojaziwa na bado wakahitaji kuongezewa mfupa baadaye. Asiye na nia ya kupandikiza, au aliyeng'olewa gego la chini ambalo kuta zake zote zimebaki nzima, sioni kwa nini alazimishwe kulipia.

Lakini milimita 1 kati ya 6 si kitu kidogo, hasa mbele, panapoonekana mtu anapocheka.

Lingine linalostahili kuulizwa waziwazi ni asili ya unga wenyewe. Mwingi hutokana na mfupa wa ng'ombe, mwingine wa binadamu aliyejitolea, na utando unaofunika tundu mara nyingi ni wa nguruwe. Muislamu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuchomwa ganzi, na utando wa ng'ombe upo.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuhifadhi mfupa, hata hivyo, haihitaji unga wowote. Daktari anayelegeza nyuzi polepole kwa kifaa chembamba, anayekata gego na kutoa mzizi mmoja mmoja badala ya kulikamua kwa koleo, anaulinda ukuta ule mwembamba usivunjike. Kabla ya kufumba mdomo na pamba, muulize: "Dokta, ukuta wa nje umebaki mzima?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama unga unahitajika.

Mdogo wangu yuko mwezi wa tano akisubiri mfupa aliojengewa ukomae. Anavaa jino la kubandika, na akicheka bado anaziba mdomo kwa kiganja.